Fumbo na Muamma

Katika karne ya 9, mjini Baghdad, mwanafalsafa al-Kindi aliandika risala juu ya kufumbua maandishi ya siri. Waarabu waliyaita muamma, yaani yaliyopofushwa. Njia yake ilikuwa kuhesabu herufi: ile ijirudiayo mno katika lugha hujirudia vivyo hivyo hata ikivishwa sura nyingine.

Neno letu fumbo nalo latokana na kufumba, kama macho yafumbwavyo. Lakini mshairi wa pwani hafichi herufi, huficha makusudio. Maneno yako wazi, nia imesitirika, na hesabu haiifikii. Ufunguo ni kisa kilichozaa shairi, na wazee wanaokikumbuka. Anayenakili beti akaacha kisa, huturithisha kufuli bila ufunguo.