Kikuku cha Ndege

Mtaalamu akimkamata ndege wa porini, humfunga mguuni kibati chepesi chenye namba, akampima, akamwachia aende zake. Waingereza, Wafaransa na Wajerumani wote wameipa kazi hiyo jina linalotokana na pete, nasi tumewafuata: kumvisha ndege pete. Mimi nashikilia kwamba jina linalofaa ni kumvika kikuku, na hoja yangu inatoka Kigali.

Kwa Mswahili, awe wa mtaa wa Biryogo, Kigali, au wa Tanga, aliyevishwa pete amechumbiwa. Ana mwenyewe. Sasa tazama yaliyompata umusambi, yule korongo mwenye taji ambaye Waganda wamemweka kwenye bendera yao. Nchini Rwanda alikuwa akikamatwa mabwawani na kuuzwa ili apambe bustani za nyumba na hoteli, mabawa yamekatwa asiruke. Hesabu ya mwaka 2017 ilikuta porini, nchi nzima, korongo 487 tu. Daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na shirika lake la uhifadhi, RWCA, walishirikiana na serikali kuwahimiza watu wawatoe bila kuogopa adhabu. Korongo wa bustanini waliandikishwa mmoja mmoja na kufungwa namba mguuni. Waliopona na kuweza kuruka walipelekwa Hifadhi ya Akagera. Waliovunjika au kuharibiwa mabawa wanatunzwa Umusambi Village, hapo hapo Kigali, kwenye ardhi oevu iliyofufuliwa.

Ndege huyo alikuwa na mwenyewe, na huko kumilikiwa ndiko kulikomwangamiza. Namba ya mguuni ilikuja kumtoa katika umiliki: ilimtambulisha kama yeye, mmoja kati ya wenzake, na asiye na namba akionekana uani ilijulikana kuwa ametekwa upya. Ukisema kavishwa pete, unamrudisha kwa bwana.

Kikuku, kwanza, ni cha mguuni. Tena hulegea na kuzunguka, na hivyo ndivyo kibati kinavyotakiwa kukaa. Kikibana, mguu unavimba. Kikilegea kupita kiasi, kinavuka kiungo na kumlemaza ndege. Koleo maalumu huzikutanisha ncha mbili za kibati bila kuacha mwanya wa kunasa uzi au unyasi. Kwa korongo, ambaye hushinda kwenye matope, vikuku vya rangi hufungwa juu, karibu na kile tunachokiita goti lake. Kile si goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa na manyoya. Kwa hiyo korongo amevaa kikuku mahali pake hasa. Najua mijini mwanamke mwenye kikuku husemwa vibaya, lakini usengenyaji huo haunitoshi kuacha neno zuri.

Mwalimu wa Denmark, Hans Christian Mortensen, alianza kuwafunga kwezi vikuku vya aluminiamu mjini Viborg mwaka 1899. Wazungu wengine hufanya kazi hiyo majira ya baridi, ndege wanapojaa bustanini kufuata mbegu wanazowekewa. Kwetu, mahali mashuhuri ni Ngulia, Tsavo Magharibi, Kenya. Tangu 1969, katika usiku wa ukungu usio na mbalamwezi, taa za hoteli huwavuta ndege wahamiaji wanaoikimbia baridi ya kaskazini; hunaswa kwa nyavu nyembamba, hufungwa vikuku na kuachiwa. Baadhi ya vikuku hivyo vimesomwa Urusi na Uarabuni.

Hapo tunahitaji neno la pili. Kikuku kisiposomwa tena hakisemi kitu, kwa hiyo tuwe na usomaji wa vikuku: kwa darubini ndege akiwa hai, au mkononi akiwa amekufa. Ukimkuta aliye hai, usimvue. Andika namba yote, rangi na mpangilio wake, mguu wa kulia au wa kushoto, mahali na tarehe, kisha uwapelekee wahifadhi wa eneo lako.