Kusajiliwa: maongezi na nesi wa Nyakitonto

Najua nimekuwa kimya, si mnajua tena, mitihani halafu likizo. Nilikuwa nyumbani Nyakitonto. Kwa wasiopajua, ni kata ya wilaya ya Kasulu, Kigoma ya milimani, siyo ile ya ziwani na migebuka.

Kwenye somo la historia simulizi tulipewa kazi: kila mtu amhoji mtu wa taaluma moja. Wenzangu wengi wakakimbilia wanasiasa wastaafu. Mimi nikaenda kwa mama mmoja jirani, muuguzi mstaafu. Jina lake naliweka kapuni, kaomba mwenyewe.

Swali la kwanza nililouliza lilikuwa rahisi: mama, nesi ni nani? Akacheka. Akasema sisi tukiona gauni jeupe tu tunaita nesi, kumbe kuna ngazi. Enzi zake walikuwepo nesi Daraja B na Daraja A. Siku hizi mwenye cheti ni Muuguzi, mwenye diploma ni Afisa Muuguzi Msaidizi, mwenye digrii ni Afisa Muuguzi. Na cheti cha chuo peke yake hakikupi ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Lazima jina liingie kwenye daftari la Baraza la Uuguzi na Ukunga, upewe leseni. Sheria inayotumika ni ya 2010, iliyochukua nafasi ya ile ya 1997. Ukiboronga, Baraza linaweza kukufuta.

Nilipofuatilia nikakuta wazo lenyewe si la zamani sana. Nchi ya kwanza kutunga sheria ya peke yake ya kusajili wauguzi ni New Zealand, 1901. Uingereza yenyewe, pamoja na sifa zote za Florence Nightingale, ilisubiri hadi 1919.

Huku kwetu mambo yalianza kivingine. Kuanzia 1933 serikali ya kikoloni ilihamishia Waha wengi kwenye makazi ya pamoja ili kuwaepusha na mbung'o na malale. Baadaye hospitali za misheni, Kabanga ya Wakatoliki na Heri ya Waadventista, zikawa na vyuo vya uuguzi, na mabinti wa Kiha wakapata pa kusomea bila kuvuka mkoa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ikasukuma zahanati vijijini, na zahanati bila nesi ni jengo tu.

Halafu ikaja 1993. Rais Ndadaye aliuawa Burundi mwezi Oktoba, watu wakavuka mpaka kwa maelfu. Zikafunguliwa kambi, Mtabila na Muyovosi huku Kasulu, Kanembwa, Mtendeli na Nduta kule Kibondo. Mwaka 1996 ikaongezeka Nyarugusu kwa ajili ya Wakongo. Mama alikwenda kambini, kama wauguzi wengi wa Kasulu na Kibondo.

Hapa ndipo aliponieleza jambo ambalo sijalikuta kwenye ripoti yoyote niliyosoma. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Daktari kutoka nje alihitaji mkalimani, yeye hakuhitaji. Alisema mama anayejifungua usiku, aliyemwacha mume njiani, ukimsalimia tu "mwakeye" anatulia. Hiyo ni tiba, lakini haina safu yake kwenye fomu.

Nikamuuliza kama anajivunia. Akanyamaza kidogo. Akasema mashirika yalilipa vizuri kuliko serikali, kwa hiyo wengine waliziacha zahanati. "Mwanangu, na hawa wa kwetu nani aliwazalisha?" Sikuwa na jibu, nikaandika swali kama lilivyo.

Mwaka 2015 Warundi walikuja tena. Walijazana Kagunga kando ya ziwa, kipindupindu kikalipuka, MV Liemba ikawa inawasomba kwenda Kigoma mjini, kisha safari ya Nyarugusu. Nduta na Mtendeli zikafunguliwa upya. Mtendeli ilifungwa 2021. Wauguzi wa kwetu walirudia kazi ile ile.

Sasa wadau, nendeni maktaba mtafute historia ya kambi hizi. Mtakutana na UNHCR, Msalaba Mwekundu, MSF, na ni haki yao, walifanya kazi. Lakini nesi wa Kasulu yumo ndani ya maneno "wafanyakazi wa kienyeji", basi. Mtu ambaye sheria ilidai jina lake liandikwe kabla hajashika sindano, historia haikuliandika hata mara moja.

Mama alinifundisha msemo wa wodini: usipoandika, hujafanya. Hukuandika kwenye chati kwamba umempa mgonjwa dawa, basi hukumpa. Nadhani unatuhusu na sisi wa historia. Kwenye zahanati zetu kuna vitabu vya MTUHA tangu miaka ya 1990, vile vikubwa vya kusajili wajawazito, watoto na wazazi. Kila mstari umeandikwa na muuguzi fulani. Ni nyaraka kabisa hizo, zinaliwa na mchwa huku sisi tunagombania vitabu vile vile vitatu vya maktaba.

Kwa hiyo mwenye mama, shangazi au dada mkubwa muuguzi, likizo ijayo akae naye. Amuulize alisajiliwa mwaka gani, alipangiwa wapi, na nani alibaki zahanati alipoondoka. Mimi narudi kwa mama Desemba, nimemwahidi kumpelekea nakala aisome kabla sijaikabidhi.