Bakteria wa udongoni na mchezo wa kunakili mafaili

Wasomaji, leo hakuna PHP wala Linux. Nataka tuongee kuhusu bakteria wa udongoni, na yeyote aliyewahi kuhamisha faili kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine ataelewa bila shida.

Mwaka 1976, kwenye tope la tangi la kiwanda cha zinki nchini Ubelgiji, alipatikana bakteria aliyekuwa akiishi raha mustarehe mahali ambapo wenzake wengi wangekufa. Akapewa namba CH34. Max Mergeay na wenzake walimchunguza kwa miaka mingi. Jina lake la kisayansi limebadilika mara kadhaa: alianza kama Alcaligenes eutrophus, siku hizi ni Cupriavidus metallidurans. (Mnaolalamika kwamba sisi waandishi wa programu tunabadilisha majina ovyo, muwatazame wanabiolojia.)

Sehemu kubwa ya siri yake iko nje ya kromosomu. Mwaka 1985 kundi hilo lilichapisha habari za plasmidi zake mbili kubwa, pMOL28 na pMOL30. Plasmidi ni pete ya DNA inayokaa pembeni na kujinakili yenyewe. Neno hilo lilibuniwa na Joshua Lederberg mwaka 1952. Kwenye pMOL30 kuna jeni ziitwazo czc, yaani kobalti, zinki na kadmiamu. Jeni hizi hujenga pampu kwenye utando wa seli, nayo inasukuma metali nje bila kupumzika, kama mtu anayeteka maji na kuyamwaga nje ya mtumbwi unaovuja. Sumu yenyewe haipungui. Inabaki pale pale kwenye udongo, ila si ndani ya seli.

Sasa utamu. Plasmidi nyingi zinaweza kuhama. Seli moja hujishikiza kwa jirani, inampitishia uzi wa DNA, na mwishowe wote wawili wana nakala kamili. Hakuna kuzaliana hapo. Jirani anapata kinga akiwa hai, hata kama ni wa ukoo mwingine kabisa.

Mwaka 1990 Ludo Diels na Mergeay walitumia kipande cha czc kama chambo kutafuta jeni hizo katika bakteria wa udongo na matope ya sehemu zenye sumu. Fikiria amri ya grep, ila unaitafuta ndani ya viumbe hai. Kwenye eneo la kiwanda cha zinki huko Ubelgiji ambalo sumu ililigeuza jangwa, asilimia 25 ya bakteria walioota maabara waliitikia chambo. Kwenye eneo la migodi la Likasi, Katanga (Kongo wakati huo ikiitwa Zaire), asilimia 40! Na wengi wa bakteria walioitikia walikuwa na plasmidi mbili kubwa, za ukubwa unaokaribiana na zile za CH34. Likasi na Ubelgiji, jamani, tazameni ramani.

Mwaka huo huo Eva Top na wenzake walifanya jaribio ninalolipenda kuliko yote. Waliziweka czc ndani ya E. coli, ambaye hawezi kuzitumia: faili analo, lakini mashine yake hailiendeshi. Kwa msaada wa plasmidi nyingine yenye uwezo wa kuhama, jeni zikatoka kwake zikaingia kwa Alcaligenes, kwenye sahani za maabara na hata kwenye sampuli za udongo, na huko zikafanya kazi. Kwa hiyo bakteria anayeonekana hana kinga yoyote anaweza kuwa ndiye mchukuzi.

Hapo ndipo mambo yanapotugusa. Plasmidi R100, iliyotokana na Shigella wa Japani wa miaka ya 1950, wale wanaoleta kuhara damu, ina kinga ya zebaki pamoja na kinga ya tetrasaiklini, streptomaisini na dawa nyingine. Zote kwenye pete moja. Penye zebaki, mwenye plasmidi ya aina hiyo ndiye anayebaki hai, na kinga ya dawa inapanda gari hilo hilo bila nauli, hata kama hakuna mgonjwa aliyemeza kidonge. Kwetu Migori wachimbaji wadogo wametumia zebaki kwa miaka mingi kukamatia dhahabu. Kile kipimo cha 1990 kingefaa sana kufanywa pale, na kwenye mito iliyo chini yake.