Nyanya Bila Mchanga: Mbolea ya Asili Huongeza Ladha Ama Ni Stori za Jaba?

Ukianza kulima nyanya kwa grinihausi hapa Homa Bay, hasa kama umehepa mchanga juu ya ule mnyauko wa bakteria, lazima utapata msee wa kukuambia nyanya zako ni maji tupu. Dawa yake? Samadi iliyolowekwa, maji ya matumbo ya samaki, ama tithonia, ile mimea ya maua ya njano imejaa kando ya barabara. Kabla utoe doo, cheki hii.

Mzizi haujui kama naitrojeni imetoka kwa kuku ama kwa gunia la duka. Mbolea ya asili lazima kwanza ivunjwevunjwe na bakteria. Mchangani hao ni wengi. Kwa makapi ya nazi mwanzoni ni wachache, so chakula kinafika polepole. Na hapo ndio ladha huingilia: naitrojeni ikizidi unapata majani kibao na tunda la majimaji. Ikipungua kidogo, na potasiamu iwe ya kutosha (tithonia inayo ya maana), utamu unakolea.

Lakini manze, hata mbolea ya duka inafanya hiyo kazi. Ongeza nguvu ya dawa kwa maji, mmea utavuta maji kwa shida, tunda libaki dogo, sukari na asidi zipande. Nyanya ya kawaida hucheza Brix 4 au 5. Zile ndogo za cheri zinaweza kupita 7. Ukizidisha sana, kalisi haifiki kwa tunda na kitako kinaoza cheusi.

Kuna vitu vinashinda mbolea yoyote: aina ya mbegu, na kuiva mtini. Anna F1 ukiichuna kijani ili ivumilie safari, samadi haitaiokoa. Ukiiweka kwa friji baridi, harufu ndio hupotea, na harufu ni nusu ya ladha.

Saa hii fikiria soko. Mama mboga ananunua ukubwa na ugumu, halipii Brix. Nyanya tamu ndogo itakula kilo zako, so tafuta mteja wa kulipia utamu kwanza.

Bado unataka kujaribu? Chuja hayo maji mara mbili, juu mipira ya matone huziba haraka. Panda mistari miwili ya mbegu moja, lisha tofauti, chuna zikiwa nyekundu, halafu wape maboyz waonje bila kuwaambia ni gani.