Babu yako yumo kwenye rejesta ya shule

Muulize mzee wa Mlowo, mkoani Songwe, alizaliwa lini, na mara nyingi atakujibu kwa tukio: mwaka wa njaa, mwaka wa nzige, au mwaka Wachina walipokuwa wanatandika reli. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kwa hiyo hapo utapata pa kushika. Kwa mwaka wa njaa mjukuu hukwama. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vichache mno vijijini. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka 5 ulifika Mbeya mwaka 2013, Songwe ikiwa bado ndani ya mkoa huo.

Karatasi iliyomwandika mtoto wa mkulima wa kahawa ilikuwa shuleni, kwenye rejesta ya uandikishaji: namba yake, jina, mwaka wa kuzaliwa, mzazi au mlezi, siku aliyoingia na siku aliyoondoka. Mimi huanza na jina la mlezi. Ukikuta ni mjomba wakati baba alijulikana, rudi nyumbani ukaulize kwa upole. Huenda pana msiba hapo, au talaka, au baba aliyekwenda migodini Zambia au Afrika Kusini. Kahawa ya Mbozi nayo ilivuta Wandali na Wanyakyusa wengi. Mtoto aliyepokelewa kwa uhamisho kutoka Ileje au Rungwe anakutajia shule ya pili ya kwenda kubisha hodi.

Mwaka wa kuzaliwa usiuamini upesi. Mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa; akigusa sikio la upande wa pili, umri wa shule umefika, na mwalimu akakadiria mwaka. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto awe darasani ifikapo 1977, waliandikishwa kwa pamoja wadogo na waliokwishapevuka. Majina nayo yana mitego. Wapo waliorudia darasa la saba kwa jina la mtoto mwingine, na jina hilo wakazeeka nalo. Kwa Wanamwanga, wa Tunduma na wa ng'ambo ya mpaka, mwanamume huitwa Sinyangwe na dada yake Nanyangwe. Anayetafuta herufi ya S peke yake atawapoteza shangazi zake wote.

Mpaka wa Zambia nao usikuzuie; huenda babu yako alisoma ng'ambo. Misheni ya Mwenzo, iliyoanzishwa na Waskoti miaka ya 1890, iko jirani na Nakonde, upande wa Zambia. Donald Siwale, mmoja wa waanzilishi wa chama cha wenyeji cha Mwenzo pamoja na David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda, alisoma Mwenzo kisha Livingstonia, Malawi. Upande wetu Wamoravian walifungua misheni ya Mbozi mwaka 1899, na kumbukumbu za wamisionari wao zimehifadhiwa Herrnhut, Ujerumani, kwa Kijerumani. Sheria ya Elimu ya 1969 iliziweka shule za misheni mikononi mwa Serikali. Kwa hiyo madaftari ya kabla ya hapo yaulizie shuleni, kisha kanisani.

Huko England na Wales rejesta nyingi za shule za miaka ya 1870 hadi 1914 zimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, na watu wanawasoma mababu zao wakiwa nyumbani. Za kwetu ziko kabatini kwa mwalimu mkuu, na mvua za Mbozi hazina huruma kwa karatasi. Inaniuma kufikiri kwamba rejesta iliyojaa inaweza kuchomwa siku ya usafi kwa sababu tu imejaa.

Mwalimu mkuu unayesoma haya, liweke daftari hilo mahali pakavu, palipoinuka kutoka sakafuni, mbali na mchwa. Nawe mjukuu, kabla hujapanda bodaboda kwenda shuleni, kaa na bibi yako umwombe majina yote aliyowahi kuitwa, pamoja na lile la ubatizo, uyaandike.