Mradi Ukiisha, Swali Hubaki kwa Nani? Wahadhiri na Vituo vya Utafiti katika Shule za Mawasiliano

Mwaka 1968 ofisa mmoja wa kampuni ya bima wa mjini Nashville, Paul Simpson, alitaka kutazama tena taarifa za habari zilizokwisha kurushwa na mashirika makubwa ya televisheni ya Marekani. Aliambiwa kwamba kanda huhifadhiwa kwa takriban wiki mbili, kisha hufutwa na kutumiwa upya. Simpson alikishawishi chuo kikuu alichosoma, Vanderbilt, kianze kuzirekodi taarifa hizo kila jioni, na tarehe 5 Agosti mwaka huo kazi ikaanza. Shirika la CBS lilikishtaki chuo mwaka 1973, na sheria ya hakimiliki ya 1976 ikaja kuweka kifungu cha kulinda hifadhi za namna hiyo. Katika mwaka wa mauaji ya Martin Luther King na Robert Kennedy, wa vita vya Vietnam na uchaguzi wa Nixon, nchi yenye vyuo vikuu vingi mno haikuwa na mahali ambapo mtafiti angeweza kwenda kuona wananchi walionyeshwa nini.

Kisa hiki kinatufaa kwa sababu mjadala kuhusu ubora wa shule za mawasiliano huanza kwa kuhesabu: maprofesa wangapi, vituo vya utafiti vingapi, ruzuku kiasi gani. Hesabu hizo hazikosi maana. Hata hivyo, mwanahistoria hukuta nyaraka zake zikimsubiri na mtaalamu wa mimea hukuta mti umesimama palepale, ilhali mtafiti wa mawasiliano huchunguza kitu kinachopita hewani na kutoweka. Asipokuwapo wa kukidaka, hakipo tena. Kwa hiyo nashikilia kwamba kazi ya kwanza ya kituo cha utafiti katika shule ya mawasiliano ni kushika swali moja, pamoja na ushahidi wake, kwa muda unaozidi umri wa mradi wowote na hata utumishi wa mhadhiri yeyote. Kituo kisichofanya hivyo ni ofisi ya kupokea fedha.

Mfano ulio wazi zaidi uko Philadelphia. Shule ya Mawasiliano ya Annenberg katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania ilianzishwa mwaka 1958 na Walter Annenberg, tajiri wa magazeti aliyemiliki TV Guide, jarida lililoishi kwa kuwaeleza Wamarekani cha kutazama jioni. Kuanzia 1964 hadi 1989 amidi wa shule hiyo alikuwa George Gerbner, mzaliwa wa Hungaria. Rais Johnson alipounda tume ya kuchunguza chanzo cha ukatili nchini, mwaka 1968, kazi ya kupima ukatili wa televisheni ilimwangukia Gerbner. Tume ilimaliza muda wake, lakini Gerbner aliendelea. Baadaye fedha zilitoka kwingine, ikiwamo taasisi ya serikali ya afya ya akili. Wafadhili walipishana, swali likabaki lilelile.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa karibu, maana haikuwa na mbwembwe hata kidogo. Kila mwaka walirekodi vipindi vya wiki moja, vile vya jioni na vile vya watoto vya mwisho wa juma. Wasimbaji wawili wawili, wengi wao wanafunzi, walikaa mbele ya skrini na kujaza fomu bila kuulizana: mhusika huyu ni mwanamume au mwanamke, kijana au mzee, ana kazi gani, nani kampiga nani, nani kaumia, nani kafa. Kisha fomu zililinganishwa, na pale ambapo wawili walitofautiana mno kipengele kilitupwa au maelezo yake yakaandikwa upya. Klaus Krippendorff, aliyefundisha katika shule hiyohiyo, alibuni kipimo cha makubaliano ya wasimbaji ambacho leo hutajwa kwa jina lake katika tasnifu za mabara yote. Kipimo hicho hakikutokana na warsha ya siku tatu. Kilikulia mahali ambapo watu walikuwa wakisimba mwaka baada ya mwaka na kukerwa na tofauti zilezile.

Hoja maarufu ya Gerbner, kwamba watazamaji wa saa nyingi huiona dunia kuwa ya hatari kuliko watazamaji wa saa chache wanavyoiona, ilipata wapinzani wakali. Mwaka 1980 Paul Hirsch alizichambua upya takwimu zilezile za maoni ya kitaifa zilizotumiwa na kundi la Gerbner na kudai kwamba uhusiano huo huyeyuka mambo mengine yakizingatiwa. Malumbano yalikuwa makali, na mimi nayaona kuwa sifa kubwa ya mradi wenyewe. Hirsch aliweza kupinga kwa sababu takwimu zilikuwapo na mtu wa nje aliruhusiwa kuzishika. Utafiti ambao data zake ziko kwenye kompyuta ndogo ya mshauri elekezi haupingiki, na usiopingika haujawa elimu bado.

Si kila kituo kikubwa kilikuwa hivyo. Paul Lazarsfeld alianza na ofisi ya utafiti wa redio huko Princeton mwaka 1937 kwa fedha za Rockefeller, akaihamishia Columbia, ambako ilikuja kuitwa Ofisi ya Utafiti wa Jamii Tumizi. Iliishi kwa mikataba. Uchunguzi wa Decatur, Illinois, uliozaa kitabu cha Lazarsfeld na Elihu Katz cha mwaka 1955 kuhusu ushawishi wa watu binafsi, ulilipiwa kwa sehemu na mchapishaji wa magazeti ya wanawake aliyekuwa na maslahi yake katika soko. Lazarsfeld alikuwa na kipaji cha kuchukua swali la mfanyabiashara na kurudi na nadharia. Lakini kipaji hakirithiwi. Ofisi ilifungwa mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Kwetu Afrika Mashariki ushahidi unapatikana pande zote mbili. Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, wenye dereva wa lori Mkwaju na mambo yake ya kando ya barabara. Kisambazaji cha Dodoma kiliachwa nje ya mchezo huo kwa miaka miwili ili eneo lake lilinganishwe na maeneo yaliyousikia, na wadodosaji wakapita nyumba kwa nyumba mwaka hadi mwaka. Hilo ni miongoni mwa majaribio makini zaidi ya redio yaliyowahi kufanywa barani, na matokeo yake kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI yanasomeshwa hadi leo. Uchambuzi uliongozwa na Everett Rogers, wakati huo profesa wa Chuo Kikuu cha New Mexico. Mtanzania, Ramadhan Swalehe, yumo miongoni mwa waandishi wa makala kuu ya 1999, na wazalishaji wa kipindi walikuwa Watanzania. Lakini swali lilitoka katika mbinu ya Miguel Sabido wa Mexico ya kuelimisha kwa michezo ya kuigiza na nadharia ya Albert Bandura wa Stanford, na liliporudi kutoka Tanzania lilikwenda kukuza taaluma yenye makao Marekani. Simlaumu Rogers, kwani swali lilikuwa lake na alilitunza vizuri.

Miaka ishirini kabla yake mambo yalikuwa tofauti. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa wakati huo sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wasimamizi wapatao 75,000 walifunzwa, na watu wazima wapatao milioni 2 wakakusanyika kwenye vikundi kusikiliza redio, kujadili, na kuinuka kwenda kuchimba vyoo. Sehemu ya fedha ilitoka Sweden, na bado swali lilikuwa la nyumbani. Hii ndiyo sababu siwaungi mkono wanaodai kwamba fedha za nje lazima ziharibu utafiti. Dosari ya Mtu ni Afya ilikuwa nyingine: swali lilimilikiwa na serikali na chama, na kampeni ilipoisha hapakuwa na kituo cha mawasiliano cha kuendelea kuuliza redio ile inafanya nini katika vijiji vile. Shule ya serikali ya uandishi wa habari yenyewe, iliyoanza mwaka 1975, iliingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003 tu.

Mahmood Mamdani, alipokuwa mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, alionya mwaka 2011 kwamba ushauri elekezi huwafanya wasomi kujibu maswali yaliyotungwa na wengine. Alisema kweli, ingawa tiba yake, shahada ya uzamivu yenye masomo mengi ya darasani, haitoshi kwa taaluma yetu. Mwanafunzi aliyesoma nadharia zote atafika mwaka wa tatu na kukuta hakuna kanda ya kuchambua.

Kielelezo cha subira tunacho jirani kabisa na shule za mawasiliano. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, ikaingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1964 na kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI), ikatoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, na mwaka 2009 ikaunganishwa na Idara ya Kiswahili kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI). Mkoloni aliyeianzisha alikuwa na sababu zake, lakini kazi ilipokezwa kutoka mkono hadi mkono kwa sababu akiba ya maneno ilikuwa mali ya taasisi, si ya mchunguzi. Muungano wa 2009 una funzo lake pia: wachunguzi na wanaofundisha waliwekwa nyumba moja. Kituo ambacho wahadhiri hukipitia wakiwa na andiko la mradi tu, na ambacho wanafunzi hawajui mlango wake, hakiwezi kurithiwa.

Suala la fedha linabaki. Mwaka 1993 shule ya Philadelphia ilipata kituo cha sera za umma chini ya Kathleen Hall Jamieson, na mwaka 2003 kituo hicho kikaanzisha FactCheck.org kukagua kauli za wanasiasa. Hayo yamesimama kwa sehemu kubwa juu ya mali ya familia ya Annenberg, yaani wakfu. Pwani yetu inajua wakfu kwa karne nyingi: nyumba ya kupangisha Unguja au Lamu ambayo kodi yake hulipa mwalimu wa madrasa na mafuta ya taa ya msikiti, mwenye nyumba akiwa kaburini zamani. Mwenye wakfu naye ana macho, bila shaka. Walter Annenberg alikuwa balozi wa Nixon jijini London. Lakini wakfu humwacha amidi apange miaka kumi mbele, jambo ambalo ruzuku ya miezi 18 hairuhusu.

Hata kabla ya wakfu, shule yoyote ya mawasiliano Dar es Salaam, Nairobi au Kampala inaweza kuanza. Ichague wiki moja kila mwaka, irekodi taarifa za habari za Kiswahili za jioni za vituo vitatu au vinne na redio mbili za mikoani, na isimbe mambo machache yasiyobadilika: nani kazungumza, ni mwanamke au mwanamume, yuko mjini au kijijini, ana cheo gani, kapewa sekunde ngapi. Wasimbaji wawe wanafunzi wa mwaka wa tatu, kwa alama za somo la mbinu za utafiti. Fomu na sauti ziwekwe maktaba, si ofisini kwa profesa, na kanuni za kupandishwa cheo zimhesabie mhadhiri kazi ya kutunza data kama zinavyomhesabia makala. Diski za kuhifadhia hazizidi bei ya semina moja ya hotelini. Kikwazo kigumu zaidi kitakuwa makubaliano ya hakimiliki na vituo vya utangazaji, na hilo halina budi kuanza kujadiliwa na wanasheria wa vyuo kabla ya kurekodi dakika ya kwanza.