Kura na Mwenye Kura: Mfano wa Taveta

Neno kura limetujia kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili si uteuzi bali bahati. Watu waliposhindwa kugawana urithi au kazi, walipiga kura, na kila mwenye sehemu katika jambo lile aliingizwa. Maana ya uchaguzi wa viongozi ilikuja baadaye. Hata hivyo, maana ile ya kale inahifadhi jambo ambalo sheria za uchaguzi zimelisahau mara nyingi: swali la kwanza si nani ana elimu, mali au cheti, bali ni nani anayehusika. Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa mfano wa Taveta, mji wa Kenya ulio mpakani na Tanzania, chini ya Mlima Kilimanjaro.

Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza mwezi Machi 1957. Kiti cha Pwani kilichukuliwa na Ronald Ngala. Kwa mujibu wa mapendekezo ya Walter Coutts, utu uzima peke yake haukutosha kumpa mtu kura. Alitakiwa pia awe na elimu ya kiwango fulani, au mapato au mali, au utumishi wa muda mrefu, na mengineyo ya namna hiyo. Aliyetimiza masharti kadhaa aliweza kupata hata kura tatu. Huko Taveta sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa ya mashamba ya mkonge, yakiwemo yale ya Ewart Grogan. Kibarua wa mkonge alitii sheria zote na kulipa kodi, wala hakuna mtoza kodi aliyemwuliza kwanza kama anajua kusoma. Kwenye kura, hata hivyo, hesabu yake ilikuwa ndogo au haikuwapo kabisa. Katika uchaguzi wa 1961 masharti yalilegezwa: ilitosha mtu kujua kusoma na kuandika lugha yake, au kuzidi umri wa miaka 40, au kuwa na mapato ya pauni 75 kwa mwaka. Mwaka 1963 watu wazima wote walipata haki hiyo.

Katiba ya 2010 inampa haki ya kujiandikisha kila raia mtu mzima, isipokuwa mwenye akili isiyo timamu au aliyepatikana na kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyotangulia. Sharti hilo ni la haki. Lakini ili kujiandikisha, raia hana budi kuonyesha kitambulisho au pasipoti, na hapo ndipo mtu wa mpakani anapotakiwa kuthibitisha kwamba yeye si wa ng'ambo. Athibitishe kwa nini? Aghalabu watu hukimbilia lafudhi. Sisi wanaisimu tuna wajibu wa kusema wazi kwamba ushahidi huo ni batili. Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu, alikiweka Kitaveta katika kundi la G20 pamoja na Chasu, Kishambaa na Kibondei, ambazo ni lugha za Tanzania; Kidawida cha majirani wa milimani alikiweka katika ukanda wa E. Lau lugha ingekuwa hakimu, Mtaveta halisi angehukumiwa kuwa mgeni kwao. Kosa si lake, bali ni la mpaka uliotokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886.

Tena, historia ya Wataveta wenyewe inapinga ubaguzi huo. Msitu wa mto Lumi ulikuwa kimbilio, na misafara ya kutoka pwani ilipumzika humo. Koo za Taveta zilitokana na watu wa asili mbalimbali, waliopokewa na kuingizwa katika jamii moja yenye mila moja.

Yamkini msomaji atauliza: je, watu wasisafirishwe kuvuka mpaka siku ya kura? Hofu hiyo ina msingi, nami sisemi uraia uachwe. Nilipokuwa mwanafunzi Uingereza, sheria yao iliniruhusu kuchagua mbunge kwa kuwa nilitoka nchi ya Jumuiya ya Madola, ingawa nilikuwa mpita njia. Sidai ukarimu wa kiasi hicho. Ninachodai ni kwamba uraia uthibitishwe kwa mzazi, kwa ukoo, na kwa majirani wanaomjua mtu tangu utotoni, si kwa matamshi yake. Aliyezaliwa na raia, anayelima na kuzika wazazi wake Taveta, asikose kura kwa sababu karatasi imechelewa. Akikosa, sharti la 1957 litakuwa limerudi kwa jina jingine, na atakayeumia ni mtoto wa kibarua yule yule wa mkonge.